Daktari wa Meno Anajibu: Nimeacha Sigara, Mbona Fizi Ndiyo Kwanza Zinatoka Damu?

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu fizi zinazotoka damu wakati wa kupiga mswaki. Barua zilizofuata zimejaza meza. Karibu kila aliyeandika ana cha kusingizia: umri, mimba, ukoo, hata mume. Nimechagua zile zinazobeba maswali ya wengi, nikazifupisha, na kama kawaida yetu majina nimeyaacha nje.

Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 46. Nimevuta sigara tangu ujana, karibu pakiti moja kwa siku, na fizi hazikuwahi kunisumbua. Miezi miwili iliyopita niliacha kabisa. Tangu hapo kila nikipiga mswaki natema damu. Rafiki yangu anasema mwili umeuzoea moshi, niuache kwa kupunguza taratibu. Nirudie kidogo? – Mstaafu wa Sigara

Mstaafu, usirudi hata kwa pafu moja. Damu unayoitema leo ilipaswa kutoka miaka mingi iliyopita. Fizi zako hazikuwa nzima, zilikuwa zimenyamazishwa.

Kinachotokea ni hiki. Kila siku utando laini wa bakteria, ule tunaouita ukoga, hujijenga kwenye jino, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, mwili hupeleka damu na chembe za kinga eneo hilo kupambana. Ufizi huvimba, huwa mwekundu, na ukiguswa na mswaki unatoka damu. Damu hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ambayo mtu huipata, na wengi huipata mapema, wakati ugonjwa bado uko kwenye ufizi tu na unaweza kupona wote. Sasa nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kufifisha mwitikio huo. Mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa uliokwishafika kwenye mfupa wa taya huku fizi zake zikionekana ngumu, rangi yake ya kawaida, hazitoi hata tone. Kuna watafiti waliowafuatilia wavutaji walioacha, wakakuta kwamba ndani ya wiki 4 hadi 6 sehemu za fizi zinazotoka damu ziliongezeka karibu mara mbili, ingawa watu hao walikuwa wanasafisha vinywa vyao vizuri kuliko mwanzo. Mishipa ilikuwa imeanza kufanya kazi yake tena. Ndicho kinachokutokea.

Hali hii naiona kitini mara kwa mara. Mgonjwa anafungua kinywa, na kwa kutazama tu fizi zimetulia. Nachukua kipimo chembamba chenye alama za milimita, nakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, huku nikitaja namba na msaidizi wangu akiziandika. Penye afya kipimo huzama milimita 1 hadi 3. Naanza: mbili, tatu, mbili, tatu. Nafika magego ya juu, upande wa kaakaa: sita. Saba. Mgonjwa aliyekuwa akitazama dari hunigeuzia macho, maana mdomo hauna nafasi ya kuuliza. Kisha naingiza kioo nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale mate yanapochuruzikia, na hapo nakuta ugaga wa kahawia, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu, umeziba nafasi zote kati ya meno manne. Ulimi wa mwenyewe umeugusa kwa miaka, ukaamini ni sehemu ya meno. Nikikwangua kipande na kumwekea kwenye karatasi akione, wengi hunyamaza kwanza.

Uchambuzi mmoja wa takwimu za afya za Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mvutaji ana uwezekano wa takribani mara 4 wa kuwa na ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa kuliko mtu ambaye hajawahi kuvuta. Idadi ya sigara nayo ilihesabika: waliovuta 9 au pungufu kwa siku hatari yao ilikuwa karibu mara 3, waliozidi 30 karibu mara 6. Lakini kwa walioacha hatari ilishuka kadiri miaka ilivyopita, na waliofikisha miaka 11 bila kuvuta walilingana na wasiowahi kuvuta. Wewe una miaka 46. Hesabu mwenyewe.

Nenda kwa daktari wa meno, na neno la kwanza umwambie umeacha sigara lini. Omba fizi zipimwe meno yote, si kutazamwa tu, na upigwe picha ya eksirei ili hali ya mfupa ionekane. Ugaga ulio juu na ule uliojificha chini ya ufizi utaondolewa, pengine kwa ganzi. Mfupa uliokwishaliwa kwa kawaida haurudi wote, ila uharibifu unaweza kusimamishwa pale ulipofika, na matibabu hushika vizuri zaidi kwa aliyeacha kuliko kwa anayeendelea. Rafiki yako akikuletea shisha au sigara ya umeme kama njia ya kupumzikia, mwambie nikotini haibadiliki kwa kubadilishiwa chombo. Tumbaku ya kuweka mdomoni ndiyo kabisa, maana huushusha ufizi pale pale inapokaa.

Daktari, mimi na mume wangu umri wetu hauachani sana, mimi 50 yeye 52. Dawa ya meno ni moja, chakula ni kimoja. Yeye meno mawili yanacheza, mimi yangu yote yako imara. Anasema wanaume wameumbwa na fizi dhaifu. Ni kweli, au anatafuta pa kujifichia? – Mke Mwenye Mashaka

Dada yangu, mume wako ameshika nusu ya ukweli, na ni ile nusu inayompendeza.

Kweli wanaume huugua zaidi. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika Marekani mwaka 2009 hadi 2010, watu wenye miaka 30 na kuendelea walipimwa fizi jino kwa jino. Wanaume 56 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa uliokwishagusa ushikizo wa jino na mfupa. Kwa wanawake walikuwa 38. Tofauti ya namna hiyo imejitokeza katika nchi nyingi, na wataalamu wanaamini kinga ya mwili ya mwanaume na ya mwanamke haiitikii bakteria kwa namna moja. Hapo mpe haki yake.

Nusu ya pili ni tabia. Katika uchunguzi huo huo, kati ya kila wavutaji 100, 64 walikuwa na ugonjwa, na duniani kote wanaume ndio wanaovuta zaidi. Wanaume hupiga mswaki mara chache zaidi, husafisha kati ya meno mara chache zaidi, na kwa daktari huenda wakiwa wameshachelewa. Wanaofika kwangu wakiwa na meno yanayocheza, wengi hawaji wenyewe, huletwa. Mke ndiye anayejibu maswali, mume anakaa na simu. (Nikimuuliza fizi zimeanza kutoka damu lini, anamtazama mkewe.)

Kutumia dawa ya meno moja hakuna maana kubwa. Dawa ya meno ni msaidizi, kazi hufanywa na nywele za mswaki na muda. Mtazame siku moja bila kumwambia. Nina hakika ya mambo mawili: hatafikisha dakika 2, na sehemu kubwa ya muda huo itaishia kwenye meno ya mbele kwa nje, yale yanayoonekana akicheka. Upande wa ndani wa magego ya chini, ule unaoelekea ulimi, mswaki utapita mara moja kwa haraka au usipite kabisa. Halafu muulize mara ya mwisho alipitisha lini uzi wa meno, au ile brashi ndogo ya kuingia kati ya meno. Ugonjwa wa fizi mara nyingi huanzia huko katikati, ambako mswaki wa kawaida haufiki hata ukisugua mpaka mkono uchoke.

Hukuniambia kama anavuta au anakunywa. Pombe nyingi ina mchango wake, na unene uliopitiliza pia. Hukuniambia pia kama amewahi kupima sukari, na kwa mwanaume wa miaka 52 mwenye meno yanayocheza hilo ndilo swali ambalo ningeanza nalo. Apimwe. Kuhusu kuambukizwa, kwa sababu najua unaliwaza: bakteria hupita kwa mate kati ya watu wanaoishi pamoja, lakini kuwa nao hakukupi ugonjwa kama kinywa chako unakisafisha na mwili wako unajitetea vizuri. Msitumie mswaki mmoja, basi.

Shikamoo daktari. Nina mimba yangu ya kwanza, miezi mitano. Fizi zimevimba, na kati ya meno mawili ya mbele pameota kinyama chekundu kinachotoka damu hata nikila. Mama mkwe anasema kila mtoto huondoka na jino la mama yake, na kwamba meno yasiguswe mpaka nijifungue. Naogopa. – Mama Mtarajiwa

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Kwanza hicho kinyama. Kwa maelezo yako, kinafanana na uvimbe ambao tunauona kwa baadhi ya wajawazito, hasa kuanzia miezi ya kati. Una sura ya kutisha, ila si saratani, na mara nyingi husinyaa wenyewe baada ya kujifungua. Hata hivyo uonwe na daktari, kwa sababu kusema "unafanana" kwa barua na kusema "ndio" baada ya kuutazama ni mambo mawili. Ukikuzuia kula au ukitoka damu sana, unaweza kuondolewa hata kabla ya kujifungua.

Fizi kuvimba wakati wa mimba ni jambo la wanawake wengi mno. Homoni za estrojeni na projesteroni zikipanda, mishipa ya damu ya fizi hulegea na kuvujisha kwa urahisi, na baadhi ya bakteria hustawi. Kwa kawaida hali huanza mwezi wa pili au wa tatu na kufika kileleni karibu na mwezi wa nane. Ila zingatia hili: homoni zenyewe hazianzishi ugonjwa, huukuza uliopo. Ukoga kidogo ambao kabla ya mimba usingeuhisi, sasa unakuletea uvimbe wa kuonekana. Kwa hiyo dawa ni kuuondoa huo ukoga. Wanawake wengi hufanya kinyume chake: wakiona damu wanaacha kugusa sehemu hiyo, ukoga unaongezeka, damu inazidi.

Mama mkwe mwambie kwa adabu zote kwamba mtoto hachukui jino. Kalsiamu ya meno ya mtu mzima haichotwi kwenda kwa mtoto. Wapo wanawake wanaopoteza meno katika miaka ya uzazi, hilo amelishuhudia kwa macho yake na hasemi uongo. Sababu ziko kwingine. Kutapika mara kwa mara kunayaosha meno kwa asidi, kula vitu vitamu kidogo kidogo kutwa nzima huyaozesha, na fizi zinazouma huachwa bila kusafishwa. Ukitapika, sukutua kwa maji kwanza, usubiri kama nusu saa ndipo upige mswaki.

Na meno yaguswe. Kusafishwa na daktari ni salama katika mimba, na miezi mitatu ya kati, ambamo wewe umo sasa, ndiyo inayokuwa rahisi zaidi kwa mama kukaa kitini. Ganzi ya kawaida ya meno haina tatizo. Jino likiuma au likiwa na usaha, hutibiwa mwezi wowote ule, kwa sababu maambukizi yaliyoachwa ndiyo yenye hatari. Mwambie tu daktari kwamba u mjamzito kabla hajaanza.

Daktari, mimi ni mzee wa miaka 68. Meno yangu yamerefuka, na mawili yametoka yenyewe bila maumivu. Wanangu wananisukuma nikatibiwe. Mimi naona ni uzee, nywele nazo si zimeondoka? Kuna haja gani? – Babu

Shikamoo mzee wangu. Nywele sina utaalamu nazo, nizungumzie meno.

Meno yako hayajarefuka. Fizi ndizo zilizoshuka, na mfupa ulio chini yake umeshuka nazo, mizizi ikabaki wazi. Ni kweli kwamba ugonjwa huu huongezeka na umri: katika uchunguzi ule wa Marekani niliomtajia dada hapo juu, wenye miaka 65 na kuendelea 70 kati ya 100 walikuwa nao. Ndiyo maana watu wakasema ni uzee. Lakini uharibifu wa mfupa haufutiki. Ulioupata ukiwa na miaka 40 unaubeba, unaongeza wa miaka 50, unaongeza wa 60. Tunachokipima kwa mzee ni jumla ya miaka yote hiyo.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa naurudia nikisikia neno uzee. Mwaka 1970 wataalamu walianza kuwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakuwa wakipata matibabu ya meno. Waliwafuatilia kwa miaka 15. Wote walikuwa na ukoga na ugaga tele, wote waliongeza umri sawasawa. Matokeo yao hayakufanana hata kidogo. Wanane kati ya kila 100 walizorota kwa kasi, 81 walizorota polepole, na 11 hawakuvuka hatua ya ufizi kuvimba. Kufikia miaka 45, wale wa kasi walikuwa wamepoteza wastani wa milimita 13 za ushikizo wa jino, wale wa polepole milimita 7. Miaka ile ile, uchafu ule ule. Basi lipo jambo la maumbile, la jinsi mwili wa kila mtu unavyoitikia bakteria, na juu yake ndipo huwekwa sigara, sukari na uvivu wa mswaki. Umri wenyewe hutoa muda tu.

Haja ipo, mzee wangu. Hayo yaliyobaki bado yanakutafunia. Jino kutoka bila maumivu ndiyo tabia ya ugonjwa huu, na ndiyo sababu watu hauwashtui. Nenda, yanayookoleka yaokolewe. Kama vidole vimekuwa vigumu kushika, tafuta mswaki wenye mpini mnene, au wa umeme, au funga mpini kwa kitambaa ushikike. Beba na dawa zote unazokunywa, maana nyingi hukausha mate, na kinywa kikavu hushika ukoga haraka. Na wanao wakikusukuma, sukumika.

Shikamoo daktari. Nina miaka 22, ni msichana, sivuti, sinywi, nasafisha meno vizuri. Lakini meno ya mbele yameanza kuachana na gego moja linacheza. Kaka yangu alipoteza meno akiwa na umri kama wangu. – Binti

Marahaba. Usimalize hata ukurasa huu, panga siku ya kwenda. Upo ugonjwa wa fizi unaoanza katika umri wa kubalehe au ujana, hushika hasa magego ya kwanza na meno ya mbele, na hutembea katika familia. Kinywa kinaweza kuonekana kisafi kabisa, ndiyo maana unapita bila kugunduliwa. Hutibiwa kwa kusafishwa chini ya ufizi, na mara nyingi daktari huongeza antibiotiki. Ukienda, wachukue na ndugu zako wadogo wakapimwe.

Daktari, nina miaka 55, mwanamke, hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Nina kisukari, na miezi hii sukari haitulii hata nikifuata masharti. Kinywa kinakauka, fizi zinatoa usaha nikizibonyeza. Ni sukari au ni kukoma hedhi? – Mwalimu

Mwalimu, vyote viwili vina mkono, ila mshukiwa wa kwanza ni sukari.

Kukoma hedhi huondoa estrojeni iliyokuwa ikiilinda mifupa, na taya ni mfupa kama mingine. Mate nayo hupungua kwa baadhi ya wanawake, fizi huwa nyembamba, wengine husikia ulimi kuwaka. Lakini usaha ukibonyeza ufizi si dalili ya kukoma hedhi. Hayo ni maambukizi.

Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa ana hatari ya takribani mara 3 ya kupata ugonjwa wa fizi wa mfupani. Sukari nyingi kwenye damu hudhoofisha chembe za kinga na kuchelewesha vidonda kupona. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba njia hii hupitika pande zote mbili: fizi zenye usaha huweka mwili katika hali ya uvimbe wa kudumu, na hali hiyo huifanya insulini ishindwe kazi. Ndiyo maana unafuata masharti na bado namba hazishuki. Wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi vizuri wameonekana kupungua, kwa wastani, karibu asilimia 0.4 katika kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, baada ya miezi 3 hadi 4. Inaonekana ndogo. Muulize daktari wako wa kisukari kama angeikataa.

Tangu mwaka 2018, mfumo ambao madaktari wa fizi duniani wanautumia kupanga ukali wa ugonjwa huu unataka tuandike vitu viwili kwenye faili: mgonjwa anavuta sigara ngapi kwa siku, na kipimo hicho cha sukari ni ngapi. Sigara 10 au zaidi, au sukari ya asilimia 7 au zaidi, humpandisha mtu kwenye daraja la wanaotarajiwa kuzorota haraka. Kwa hiyo nenda na majibu yako ya karibuni ya maabara, usiyaache nyumbani. Na kama umeandikiwa dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za sindano, mwambie daktari wa meno kabla hajang'oa jino lolote. Baadhi yake huweza kuzuia mfupa wa taya usipone.

Maswali mafupi

*Kusafishwa meno hospitalini si ndiko kunakolegeza meno?* Hapana. Jino lililolegea lilikuwa limeshikizwa na ugaga, ukiondoka unausikia ulegevu uliokuwepo. Uvimbe nao hushuka, nafasi zinaonekana, meno yanahisi baridi kwa siku kadhaa. Nasikia lawama hii kila wiki na jibu langu halijabadilika.

*Niache kupiga mswaki ili fizi zipumzike?* Jambo hilo lilishajaribiwa makusudi. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walioacha kabisa kusafisha vinywa. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zilipona katika muda wa kama wiki moja. Tumia mswaki laini, uulaze kidogo kuelekea kwenye ufizi, usogeze taratibu. Zikiendelea kutoka damu baada ya wiki mbili za kusafisha hivyo, na kati ya meno pia, kuna ugaga ambao mswaki hauwezi kuutoa.

*Nakunywa dawa ya presha, fizi zimenenepa mpaka zinafunika meno.* Baadhi ya dawa za presha, hasa nifedipini na wakati mwingine amlodipini, hufanya hivyo, na fenitoini ya kifafa pia. Usiiache dawa kwa uamuzi wako. Mwone aliyekuandikia aangalie kama inabadilishika, na huku meno yasafishwe, maana penye ukoga mwingi fizi hukua zaidi.

*Dawa ya kusukutua inatosha?* Haitoshi. Inapita juu ya ukoga, haiukwangui.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa chuo, miaka 21, niko kwenye mitihani. Silali, navuta kuliko kawaida, nakula ovyo. Juzi fizi zimeanza kuuma sana, ncha zake kati ya meno zimekatika kama zimeliwa, juu yake kuna utando wa kijivu, na harufu mdomoni hata mimi inanikera. – Mwanafunzi

Huyu nilimjibu siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu lisingekuwa jambo la kusubiri gazeti. Naichapisha kwa ajili ya wengine walio kama yeye. Maumivu makali, ncha za fizi kuliwa, utando wa kijivu na harufu hiyo, vikija pamoja kwa kijana asiyelala, anayevuta na mwenye msongo mkubwa, ni ugonjwa wa fizi wa ghafla ambao ufizi wenyewe huoza. Ulijulikana sana kwa askari waliokaa kwenye mahandaki katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na hofu, uchovu, lishe mbovu na sigara. Nilimwambia aende kesho yake asubuhi, hata kama ana mtihani mchana. Huhitaji kusafishwa kwa uangalifu, dawa ya kusukutua kwa siku chache, na antibiotiki kama kuna homa au tezi zimevimba shingoni. Maumivu hupungua ndani ya siku chache. Nilimwomba pia apime virusi vya ukimwi, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya kinga iliyoshuka, na daktari yeyote makini atakayemwona atamwomba vivyo hivyo.